Kiwiko cha Chumba cha Kufulia

Mafundi wenzake walimwita Halivuji, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipomaliza kazi alijifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama mwenye nyumba usoni na kumwambia, "Bomba langu halivuji. Likivuja, nifuate hata kaburini." Watu wa ujenzi kwa utani hawajambo. Wapiga plasta wakimwona anaingia na sanduku lake la vifaa waliitana kwa sauti, "Pisheni, pisheni, Halivuji huyo!" Naye aliingia kifua mbele, kwa sababu kejeli yao aliipokea kama sifa.

Na kusema haki, alistahili. Sitaki kumnyima lake mapema, maana mbele ya safari nitamvua mengi. Kwa miaka thelathini na ushei alitandaza mabomba katika shule, maghorofa, zahanati na nyumba za watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kwake na malalamiko.

Ukitaka kumwudhi, ungemtajia plastiki. "Plastiki ni ndoo," angekujibu. "Wewe utazika ndoo ukutani halafu ulale usingizi?" Bomba la chuma nalo hakulipenda: huota kutu kwa ndani, na baada ya miaka kumi tundu linabaki la kupitisha njiti ya kiberiti, maji yenyewe mekundu. Lakini shaba! Hapo ndipo macho yalipomwaka. Shaba hustahimili maji ya moto mwaka hadi mwaka bila kulegea wala kujipinda. Panya hawezi kuitafuna. Ni nyembamba, haidai ukuta uchimbwe nusu nzima. Na zaidi ya yote, shaba hulehemiwa. Bomba la kufunga kwa nati lina siku yake ya kulegea, utake usitake, ila bomba la shaba lililolehemiwa sawasawa si vipande viwili tena, ni kipande kimoja. Hotuba hiyo mkewe aliijua neno kwa neno. Mumewe akianza kuwahubiria wageni sebuleni, mama wa watu aliinuka taratibu kwenda kuongeza chai.

Alikuwa pia na utaratibu wake wa kazi. Mafundi wengi huunga kiungo kimoja, wakakichoma, ndipo wakaenda kwenye kingine. Yeye hapana. Alikata mabomba yote ya chumba, akayasugua ncha kwa msasa mpaka yang'ae, akapaka dawa ya lehemu, akayasukuma ndani ya viwiko vya kona na maungio, ukuta hadi ukuta. Halafu alisimama mbali, jicho moja kalifumba, kuangalia kama mstari umenyooka. Akiridhika ndipo alipowasha tochi ya gesi na kuanza kulehemu kutoka mwanzo, kiungo baada ya kiungo. Moto aliupeleka kwenye kiwiko, si kwenye lehemu. Shaba ikishapata joto lake, huivuta lehemu yenyewe, ikazunguka kiungo chote kufumba na kufumbua. Kisha alipitisha juu yake kitambaa chenye maji, na pete nyembamba ya rangi ya fedha ikabaki hapo. Kazi yake ilikuwa nzuri kuitazama, na wasimamizi wa majengo waliwaleta wageni kuiona.

Utaratibu huo una hatari moja, na Halivuji mwenyewe alikuwa akiwaonya wanafunzi wake. Kiungo kilichosukumwa tu, kabla hakijapata moto, kwa mbali hufanana na kilichokwisha kulehemiwa. Shaba ndani ya shaba hubana sana. Kiungo kikavu cha namna hiyo kinaweza kushika maji, kikapita jaribio la presha bila kutoa hata jasho, kikakaa wiki, mwezi, hata miaka. "Kwa hiyo ukishawasha tochi," aliwaambia, "usishuke kwenye ngazi hata kama unaitwa na mama mkwe." Wanafunzi walicheka, na yeye alicheka nao.

Jengo la kufulia la hospitali alilifanyia kazi miaka kumi na mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Lilikuwa jengo refu la dari ya juu, boila chumba cha pembeni, na bomba la maji ya moto likipita juu ya boriti hadi kwenye masinki makubwa ya kulowekea mashuka. Alilimaliza kwa siku tisa na hospitali ikamwandikia barua ya shukrani. Kwa barua hiyo, miaka mingine ikishapita, alipata uso wa kwenda kumwombea kazi shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mkewe, kitinda mimba wa kwao, mtu wa moyo mweupe na koo bovu. Pombe ilikuwa imemfukuzisha kazi mbili. Halivuji alimdhamini hospitalini kwa maneno haya haya: "Mchukueni kwa jina langu." Wakampa utunzaji wa boila. Mwaka wa kwanza alikutwa amelewa kazini siku moja, akapewa onyo la mwisho, na tangu siku hiyo hakuonja tena. Mwaka wa nne huo. Alinenepa, akaanza kununua mashati, na dada yake akaacha kushtuka kila simu ilipolia.

Sasa nije kwenye Jumanne yenyewe.

Saa moja na robo asubuhi Halivuji alikuwa anafunga kamba za viatu, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa majengo wa hospitali, mtu wa mafaili na suruali zilizonyooshwa vikali kwa pasi.

"Fundi, bomba la maji ya moto limefyatuka kule kufulia. Kuna mtu ameungua. Njoo na vifaa vyote, wodi hazina maji ya moto."

"Limefyatuka au limepasuka?"

"Mimi nitajuaje? Njoo."

Alifika akakuta sakafu imejaa maji, mashuka yameelea, na kandambili moja ya kike imekwama kwenye kitundu cha kutolea maji taka. Wanawake wa kufulia walikuwa nje wamekumbatiana. Aliyeungua alikuwa mwenzao wanayemwita Mama Pacha, mwanamke mpole aliyefanya kazi kwenye sinki la tatu tangu jengo lifunguliwe. Maji yanayotokota yalimshukia shingoni, mabegani na mgongoni. Walikuwa wamekwisha kumkimbiza wodini, ng'ambo ya uwanja.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa chumba cha boila. Hakufungwa, lakini mlinzi alikuwa amesimama karibu naye kuliko inavyohitajika. Alipomwona Halivuji aliruka kusimama.

"Shemeji, geji ya presha ilikuwa mbili na nusu! Naapa kwa mama yangu, mbili na nusu, kama siku zote."

"Na daftari je?" msimamizi akadakia. "Kila saa unatakiwa kuandika presha. Saa kumi na mbili mbona patupu?"

"Nilikuwa nawasaidia akina mama kuingiza mashuka, mkokoteni wao umevunjika gurudumu..."

"Au ulikuwa na rafiki yako wa zamani, yule wa chupa?"

Mlinzi alicheka kidogo. Shemeji aliketi tena juu ya ndoo. Halivuji alimpiga bega, akamwambia, "Ngoja nione kwanza," akachukua ngazi na kuingia ndani peke yake.

Alipanda akiwa na uhakika wake wote. Alitarajia kukuta bomba limepasuka ubavuni kwa sababu ya presha, au mtu kalipiga na ngazi. Alichokikuta ni kiwiko kilichochomoka, kizima, bila jeraha. Alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya mdomo wake palikuwa na shaba tupu na ukoko wa kijani wa dawa ya lehemu iliyokauka zamani. Akaitazama ncha ya bomba. Nayo ilikuwa vivyo hivyo: alama za msasa wake bado zinaonekana, na lehemu hakuna, hata tone. Kiungo kile hakikuwahi kuona moto.

Hapo ndipo siku ile ilipomrudia, yote nzima. Alikuwa amefika kwenye kiwiko hiki hiki, tochi mkononi, fundi mmoja mpaka rangi akamwita kutoka chini. "Halivuji, niazime ngazi dakika mbili tu, nimalizie kona ile." Akazima tochi, akashuka, akampa. Dakika mbili za mpaka rangi zikawa nusu saa. Ngazi iliporudi iliegemezwa upande wa pili wa boriti, naye akapandia hapo ilipo, akaendelea na kiungo kilichokuwa mbele ya macho yake. Basi. Hakuwa amelewa, hakugombana na mtu, hakuletewa habari ya msiba. Mtu aliazima ngazi tu, na kwa miaka kumi na mmoja kiwiko kile kilikaa juu ya kichwa cha Mama Pacha, mashine za kufulia zikikitikisa kila siku.

Mwenye kujua kuisoma shaba hapo hospitalini alikuwa yeye peke yake. Mtu mwingine yeyote angeona bomba na kiwiko vilivyoachana, mwisho wa habari.

"Fundi, umeona nini?" Msimamizi alikuwa ameingia, amekunja suruali yake ili isilowe.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Ingechukua maneno manne: hapa pana kosa langu. Au, kama ulimi ulikuwa mzito, angekata ncha ile kwa msumeno, akaitia mfukoni pamoja na kiwiko, akaweka vipya, na mchana wake akamwekea msimamizi mezani. Fundi yeyote angeweza. Lakini woga una mikono yake, na mikono ya mtu huyu ilikuwa na mazoea ya miaka thelathini.

"Nimeona," alijibu.

"Itachukua muda gani?"

"Robo saa."

"Fanya haraka, chumba cha upasuaji wanapiga kelele."

Alitoa msasa. Alijiambia anasafisha tu, kusema atasema akishuka. Alisugua ukoko wa kijani mpaka ukaisha, nje ya bomba na ndani ya kiwiko. Alipaka dawa mpya, akasukuma, akawasha tochi. Shaba ikapata joto, ikaivuta lehemu, ikazunguka. Akafuta kwa kitambaa chenye maji. Mvuke ulipanda, na pete ikabaki inang'aa. Ushahidi pekee uliokuwapo duniani alikuwa ameuyeyusha kwa mkono wake.

Chini, msimamizi alimngoja na karatasi juu ya ubao. "Nipe chanzo, niandike. Presha kubwa?"

Halivuji alitazama nje mlangoni. Aliiona miguu ya shemeji, na ile ndoo.

"Presha inaweza kufanya hivyo," alisema.

Ni kweli inaweza. Ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri. Msimamizi akaandika, akamgeuzia karatasi, na Halivuji akatia sahihi palipoonyeshwa kwa kidole.

Jioni shemeji alikuja nyumbani kwao. Alikuwa amesimamishwa kazi, na aliambiwa asitoke nje ya mji. Dada yake alimpokea kwa maneno makali, maana hofu ya miaka yote ilimrudia siku moja.

"Niambie ukweli. Ulionja?"

"Dada, hata harufu."

"Basi ulilala."

"Sikulala." Halafu akamgeukia Halivuji. "Shemeji, wewe ndiye unayejua mabomba. Niambie. Shaba uliyoilehemu wewe inaweza kuachia kwa presha ya mbili na nusu?"

Halivuji alikuwa ameshika kikombe. "Haiwezi," alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Kwa hiyo ilizidi." Shemeji alijishika kichwa. "Ilizidi nikiwa pale. Mbona mimi sikuona?"

Mtu angetegemea kwamba kwa swali lile fundi angepasuka. Hakupasuka. Alikunywa chai iliyokwisha kupoa na kusema kwamba yote anayajua Mungu, maneno ambayo watu huyasema wanapoyajua wao. Nakasirika ninapofika hapa, na sioni haya kusema nakasirika. Namjua mtu huyu, hakuwa mbaya. Alikuwa amepewa jina moja maishani, akaogopa kubaki bila hilo.

Siku ya nne alikwenda wodini kumwona Mama Pacha. Alikuta amelazwa kifudifudi, mgongo umefunikwa chachi, uso umeegemea ubavu mmoja wa mto. Mama Pacha alimtambua mgeni wake kwa viatu.

"Fundi, ni wewe? Karibu. Samahani, siwezi kugeuka."

"Pole, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa." Akapumua. "Wanasema kijana wa boila alizidisha moto. Mimi siamini. Yale maji hayakutoka kwa kishindo, fundi. Yalikuja taratibu kwanza, matone mawili matatu kwenye mkono wangu. Nikainua uso kutazama, nikageuka nikimbie. Ndipo bomba likaachia." Alifumba macho. "Yeye ndiye aliyekimbia akafunga vali, kijana wa watu. Mwambie namshukuru."

Halivuji alisema atamwambia. Alisimama pale kando ya kitanda mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda umekwisha. Kutoka hapo mpaka nyumbani hakusalimia mtu, na usiku ule na uliofuata hakula.

Siku ya tisa Mama Pacha alifariki. Vidonda viliingia sumu, ikaenda kwenye damu. Pacha wake, wasichana wawili wa darasa la sita, waliletwa kuchukua vitu vyake wakiwa na sare za shule. Mchana wake polisi walimchukua shemeji.

Mke wa Halivuji alikuwa anakunja nguo alipoletewa habari ya ndugu yake. Alikaa chini. Mumewe alisimama mbele yake, na bila kuulizwa akamwambia yote: ngazi, mpaka rangi, ukoko wa kijani, msasa, karatasi. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakitazama nguo.

Mkewe hakupiga kelele. Alimwamini papo hapo, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyejua kwamba mumewe akisema na mtu humtazama usoni, hatazami nguo.

"Uliposugua," aliuliza mwishowe, "ulijua ndugu yangu ameketi pale nje?"

"Nilijua."

"Ulimwona?"

"Niliona miguu yake."

Mama wa watu aliendelea kukunja shuka lililokuwa mikononi, akalikunja mpaka likawa dogo kabisa. "Kesho nenda ukaseme," alisema. "Sema kwa kila mtu mwenye masikio." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na mumewe akalala sebuleni.

Alikwenda. Hilo nalo nisimnyime. Kamati ya hospitali ilimkaribisha ndani, watu watano kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao akiwa daktari mkuu, mama mmoja wa heshima mwenye sauti ya upole. Halivuji alikataa kiti. Alisimama akaeleza kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho, na alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wanafunzi.

Msimamizi wa majengo ndiye aliyeanza. Alifungua faili, akatoa karatasi. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulisema ni presha."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Leo nasema kweli. Kiungo kile hakikuwa na lehemu. Twendeni mkakione."

Wakaenda, wote watano, hadi kufulia. Ngazi ililetwa. Msimamizi akapanda, akamulika kwa taa ya simu. "Pete nzima, safi. Sijapata kuona kiungo kizuri kama hiki."

"Hiyo ni ya juzijuzi! Niliiweka mimi siku ile!"

"Tunajua uliiweka, tulikuita uje kuiweka," alisema daktari mkuu. "Tunauliza kabla yake palikuwa na nini."

"Hapakuwa na kitu."

"Sasa hicho ambacho hakikuwapo, fundi, tutakionaje?"

Alikimbilia hoja nyingine. Alisema marehemu mwenyewe alimweleza kwamba maji yalitangulia kudondoka. Wakamwuliza nani mwingine alisikia. Alisema presha ya mbili na nusu haiwezi kung'oa kiungo kilicholehemiwa. Wakamjibu ndiyo, na ndiyo maana wanaamini ilizidi. Alisema mabomba ya shaba hayana kosa, boila haina kosa, kosa ni lake. Akasema mpaka jasho likamtoka. Na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumwonea huruma.

Daktari mkuu alimchukua pembeni, karibu na masinki. "Mzee wangu, mabomba yako yamekaa humu miaka kumi na mmoja bila tone. Kila mtu hapa anajua kazi yako. Na kila mtu anajua kijana yule ni ndugu wa mke wako, na kwamba wewe ndiye uliyemleta. Ningekuwa wewe, labda ningejaribu hivi hivi. Lakini kuna mama amekufa. Tusimchezee." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nenda nyumbani ukapumzike. Hatutalipeleka hili popote."

Alikwenda polisi mwenyewe. Huko walimwandikia maelezo, wakamsomea, wakamwambia watamwita. Hawakumwita. Alirudi mara mbili, na mara ya pili askari wa zamu alimwonya kwamba kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai, mzee kama yeye asijitafutie makubwa. Alimtafuta yule mpaka rangi, akaambiwa alihama mji miaka sita iliyopita. Alikaa nje ya kituo akiwa na sanduku lake la vifaa miguuni, na watu waliomfahamu walipita wakimwamkia kwa heshima.

Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa, yeye na mkewe walikwenda mahabusu. Shemeji aliletwa nyuma ya wavu. Alikuwa amekonda na shati lilikuwa limemzidi, lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko walivyotarajia.

"Nimesikia ulichofanya, shemeji," alisema. "Wakili aliniambia. Umekwenda mpaka polisi."

"Sikiliza," Halivuji alianza, vidole vimeshika wavu. "Ile si huruma. Ni kweli. Kiungo kilikuwa kikavu, nilikisahau mimi, wewe hukufanya kosa lolote. Kesho useme hivyo hivyo."

Shemeji alitabasamu, tabasamu la mtu anayembembeleza mgonjwa. "Acha, shemeji. Nimekaa humu siku thelathini na mbili, kazi yangu kufikiri tu. Nimekumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Nilisinzia. Pale kwenye benchi, baada ya kubeba mashuka. Mwanzoni nilikuwa nakataa, lakini sasa naliona kabisa. Nimeegemea ukuta, macho yananifumba, na sindano ya geji inapanda. Naiona inapanda, shemeji. Imefika nne." Alionyesha kwa kidole, akakizungusha polepole hewani. "Kesho nitakubali kosa. Nimeshamwambia wakili. Yule mama alikuwa na watoto, haifai nisimame pale nikikana."

"Hukusinzia!" Sauti ya Halivuji ilipanda mpaka watu wa kwenye wavu wa jirani wakageuka. "Hukusinzia wewe! Geji ilikuwa mbili na nusu, uliniambia mwenyewe! Uliapa kwa mama yako!"

"Nilikuwa naogopa."

"Mwambie!" Halivuji akamgeukia mkewe. "Wewe unajua. Mwambie!"

Mkewe alisogea kwenye wavu. "Ndugu yangu, anasema kweli," alisema. "Ni yeye. Mwamini."

Shemeji aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na macho yakamjaa machozi. "Hata wewe, dada," alisema. "Mmekubaliana wote wawili, kwa ajili yangu mimi."

Askari aligonga ufunguo kwenye chuma, muda umekwisha. Shemeji alipangusa uso kwa mkono wa shati, akapitisha vidole viwili kwenye tundu la wavu ili dada yake avishike.

"Usije ukamkasirikia kwa kulibeba hili, dada," alisema. "Umeolewa na mtu mwema. Mtunze."

Dada yake alivishika vile vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba atamtunza, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguliwa na askari alikuwa anamvuta, na jibu lingine hakulipata.